Nguo Nyeupe katika Ngano za Pwani

Msomaji wa ngano za pwani hakosi kuwa amekwisha kukutana na mtu aliyevaa nguo nyeupe. Hutokea usiku penye njia panda, au husimama mlangoni pa maskini akiomba maji, au huketi barazani pa mfalme wala pasiwepo amjuaye. Wafasiri wengi, hasa waliojifunza elimu ya ishara katika vitabu vya Ulaya, hawakawii kumweleza: weupe, wasema, ni usafi wa moyo, na weusi ni uovu, basi mwenye nguo nyeupe ni mwema. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa tafsiri hiyo ni nyepesi mno kwa ngano za Waswahili, na ya kuwa huficha jambo ambalo wasikilizaji wa karne ya 19, waungwana kwa watumwa, walilijua bila kuambiwa. Nguo nyeupe katika ngano hizi ni nguo inayotoa habari. Husema kazi ya aliyeivaa, na cheo chake, na njia aliyopita, na mara nyingine damu yake. Wema wake huja baadaye, na mara nyingi hauji kabisa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina majina matatu tu ya rangi yanayopokea viambishi vya ngeli kama zilivyo sifa nyingine za asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huazima jina la kitu: kijani latokana na jani, kijivu na jivu, na manjano ni ile bizari itiwayo katika mchuzi. Kwa sababu hiyo kila moja katika maneno hayo matatu limeshika eneo kubwa. Maji meupe ni maji yasiyo na tope, ingawa hayana rangi yoyote. Kunapopambazuka husemwa kumekuwa kweupe. Mahali pasipo mti wala kificho ni peupe, na neno lililosemwa peupe ni neno lililosemwa mbele za watu. Hapa twaona wazi kwamba weupe, kabla ya kuwa rangi, ni hali ya kuonekana. Kwa upande wa pili kaniki, ambayo kwa macho ya mpaka rangi ni nguo ya nili iliyokolea, kwa wazee wetu ilikuwa nguo nyeusi, wala hawakukosea. Ndivyo lugha ilivyogawanya.

Neno likiwa pana kiasi hicho, mtafiti asomaye kwamba fulani alivaa nguo nyeupe yampasa aulize: weupe upi? Maana katika karne ya 19 nguo nyeupe za pwani hazikuwa za namna moja, na tofauti zao zilikuwa kubwa kuliko tofauti ya nyeupe na nyeusi.

Iliyoenea kupita zote ilikuwa merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Nguo iliyoletwa na merikebu za Salem ilikuwa ya pamba, nzito, imara, isiyong'arishwa kwa dawa. Weupe wake ulikuwa weupe wa pamba yenyewe, unaoelekea rangi ya mchanga. Ilipimwa kwa shuka ya mikono 4 na kwa doti ya mikono 8, na katika njia za Tabora na Ujiji ilipita kama fedha, ikalipa wapagazi na kununua chakula na ruhusa ya kupita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu tangu 1861 hata 1865, viliikatiza pamba, na nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Lakini jina halikuondoka. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha 2008, ameonyesha jinsi wanunuzi wa Afrika Mashariki walivyokuwa wachaguzi wakali, hata wenye viwanda wa ng'ambo wakalazimika kufuata matakwa yao. Basi mtu wa bara aliyejua kutofautisha merikani kwa kuigusa tu hakuwa mtu wa kusema "nguo nyeupe" akatosheka.

Na ni merikani hiyo iliyofungwa kiunoni na mpagazi, na mtumwa wa shamba la karafuu. Ilikuwa nyeupe siku ya kwanza. Baada ya miezi ya jembe, jasho na udongo mwekundu, weupe wake ulikuwa umebaki katika jina. Wanawake wa hali hiyo walivaa kaniki, yaani nguo ya namna ile ile iliyotiwa nili, na manufaa yake hayana haja ya elimu ya ishara: uchafu hauonekani upesi.

Kanzu ya mwungwana ilikuwa jambo lingine. Ilishonwa kwa bafta au melimeli, nguo zilizong'arishwa, nyembamba, zisizostahimili jembe wala mzigo. Haikuweza kubaki nyeupe bila ya watu. Ilihitaji maji ya kutosha na sabuni; ilihitaji mtu wa kuifua, wa kuitia dondo na buluu, wa kuipiga pasi ya makaa; na ilihitaji mwenye kuivaa awe na kanzu ya pili ya kuvaa wakati ile ya kwanza iko kambani. Alipopita mtu njiani siku ya Ijumaa na kanzu inayong'aa, kanzu ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba huyu hakubeba kitu kichwani wiki hii, na kwamba kwake yuko mtu ambaye mikono yake imekwajuka kwa sabuni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903 katika Desturi za Waswahili, aeleza kuwa zamani mtumwa hakuvaa viatu wala nguo ndefu ya kumfunika miguu. Nawaomba wasomaji waikumbuke miguu hiyo, maana tutairudia.

Sasa tuitazame hadithi moja inayojulikana na wote, nayo ni ile ya Sultani Darai, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapishwa London mwaka 1870. Maskini mmoja kazi yake ni kuchakura jaani apate punje za mtama. Siku moja aokota themuni, anunua paa, na watu wamcheka, kwa kuwa asiyeweza kujilisha amejitwisha mnyama. Paa aona almasi, aichukua kwa sultani wa mji wa mbali, asema yatoka kwa bwana wake, na amposea binti. Sultani akubali. Imebaki taabu moja: bwana mwenyewe ni mtu wa matambara. Paa amleta mtoni, amvua, kisha akimbia kwa sultani na habari kwamba bwana wake ameingiliwa na wanyang'anyi njiani, wamemnyang'anya hata alichovaa. Sultani atoa mavazi na farasi. Paa arudi, amwosha bwana wake, amsugua, ndipo amvika.

Sitaki kuitia rangi hadithi hii kwa nguvu, maana hoja yangu haitegemei rangi. Yategemea mpango wa mambo. Uwongo wa paa wafaulu kwa sababu uchi ndio hali pekee ambamo sultani na mchakura jaa hawatambulikani. Angepelekwa na matambara yake, matambara yangesema. Akiwa uchi mtoni, hana la kumshuhudia, na mtu aweza kuwaza juu yake analotaka. Tena tazama kuosha kulivyotangulia kuvika. Mtambaji angeweza kuruka jambo hilo, kwa kuwa ngano huruka mengi: safari ya siku nyingi hupita kwa neno moja. Hapa hakuruka. Alijua, na waliomsikiliza walijua, kwamba vazi la namna hiyo likivikwa mwili wa jaani litamfichua mwenyewe kabla hajafika mlangoni.

Mwisho wa kisa hufundishwa mashuleni kuwa adhabu ya kukosa shukrani, na ni kweli. Paa augua, na bwana aamuru apewe uji wa mtama mbovu. Paa afa na kutupwa. Na Darai aamka akijikuta jaani, akichakura kama kwanza. Lakini aliyemsahau ni nani? Ni yule aliyemwosha. Katika jamii ambamo weupe wa bwana ulikaa mikononi mwa watu wasiotajwa, sidhani kuwa wasikilizaji wote waliucheka mwisho huo kwa kicheko kimoja. Aliyeketi mkekani na aliyesimama nyuma akishika birika walikuwa na sababu mbalimbali za kufurahi.

Kwamba vazi la mkubwa lilikuwa kitu cha kusimuliwa si jambo la karne ya 19 pekee. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, amesimulia habari za Sultani Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu mno. Kisha mwanawe akazirudisha nguo zile kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi. Na sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Ibn Battuta hakutaja rangi. Ametaja bei, na bei imetosha: vazi la mwili mmoja lilipimwa kwa watu kumi. Ukarimu ndio uliosifiwa. Hao kumi, na kumi wa baadaye, hawakuulizwa kitu katika kisa.

Turudi kwa yule mgeni asiyejulikana. Hapa kuna chanzo ambacho wafasiri wa ngano hukipita, pengine kwa adabu. Katika vyuo vya pwani wanafunzi wamesoma tangu zamani hadithi mashuhuri ya Mtume iliyopokewa kwa Omar bin al-Khattab, iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim, nayo ni ya pili katika Arobaini za Imamu Nawawi. Habari za dini si ngano, wala sikusudii kuzichanganya, ingawa lugha yetu huziita zote kwa jina moja la hadithi. Lakini sikio lililolelewa kwa habari hiyo tangu utotoni husikiliza ngano kwa namna yake. Mle yumo mtu anayeingia barazani na nguo nyeupe mno na nywele nyeusi mno, hana dalili ya safari, na katika waliohudhuria hapana anayemtambua. Baadaye wajulishwa kuwa alikuwa Jibrili.

Hoja iliyofichwa katika maelezo hayo ni ya hakimu. Mtu wa mjini angetambuliwa, na mtu wa mbali angekuwa na vumbi. Huyu hatambuliwi wala hana vumbi. Basi hakuja kwa njia yoyote tunayoijua. Weupe wa nguo zake haukuwekwa ili kumpamba. Umewekwa kuwa ushahidi, kwa sababu vumbi huonekana juu ya nguo nyeupe kuliko juu ya nyingine zote. Ngano zetu zimeichukua hoja hii mzima mzima. Mtambaji anaposema kwamba mgeni alifika usiku wa mvua na kanzu yake haina tone la tope, msikilizaji hajui bado kama aliyefika ni malaika, au walii, au jini. Ajua tu kwamba hakuja kwa miguu. Mfasiri anayeandika hapo "ishara ya wema" amejibu swali ambalo ngano ilikuwa bado inaliuliza.

Na jini huja kwa vazi lilo hilo. Miji mingi ya pwani yasimulia habari za mwanamke mzuri atembeaye usiku, mara nyingi na nguo ndefu nyeupe inayoburura. Mwanamume amfuata, waongea, na upepo au ngazi ya nyumba yainua upindo, akaona kwato za punda. Masimulizi ya namna hii hayakuzaliwa kwetu peke yake. Katika Ghuba hutajwa Umm al-Duwais, mwanamke mzuri anukiaye manukato, naye hupewa miguu ya punda. Na kwa kuwa Oman na Unguja zilikuwa chini ya mtawala mmoja hata alipofariki Seyyid Said mwaka 1856, na watu wakaendelea kwenda na kurudi kwa kila msimu, si ajabu kwamba visa vilisafiri ndani ya majahazi.

Swali langu ni kwa nini kisa hiki kilishika mizizi hapa. Nimewaomba wasomaji waikumbuke miguu ya mtumwa. Maadamu ilikuwa desturi kwamba nguo ya kufunika miguu ni ya waungwana, mwenye miguu wazi alijulikana toka mbali, na mwenye miguu iliyofunikwa alipewa salamu ya cheo chake. Mwaka 1897 utumwa ulipigwa marufuku kwa sheria katika Unguja na Pemba; katika pwani ya Kenya mwaka 1907; katika Tanganyika mwaka 1922. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya mji wa Unguja, ameeleza jinsi waliokuwa watumwa walivyoitwaa haki yao kwanza katika nguo: wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaiacha kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui. Upindo ukashuka hata kwenye kisigino cha kila mtu. Kuanzia hapo, nani alimjua nani? Sidai kwamba ngano ya kwato ilitungwa kwa ajili hiyo. Nimekwisha sema ni ya zamani na ya mbali. Nasema kwamba katika mji uliozoea kusoma watu kwa miguu, ngano ya mtu ambaye nguo yake nyeupe yaficha miguu isiyo ya cheo alichojipa ilipata wasikilizaji walio tayari. Hofu iliyomo ndani yake, nadhani, haikuwa yote hofu ya majini. Aliyekuwa amevaa kanzu kwa mara ya kwanza aliisikia kwa moyo mwingine, naye alikuwa na haki ya kuichukia.

Kuna weupe mwingine ambao mtafiti mwenye haya hupenda kuuacha, nao ni wa kisarawanda, kitambaa cha usiku wa harusi. Hapa maana ya ushahidi haihitaji kutafutwa, kwa kuwa kitambaa kilikuwa cheupe ili kiwe na la kuonyesha asubuhi, na somo wa bibi arusi ndiye aliyekipokea. Weupe wenyewe haukuthibitisha usafi wa mtu. Ulikuwa kama ukurasa uliosubiri kuandikwa, na ukibaki mweupe ilikuwa fedheha. Yeyote anayeshikilia kwamba katika fikira za Waswahili nguo nyeupe ni usafi, kwanza na akieleze kitambaa hiki.

Na sanda je? Ni bafta ile ile, mapande matatu kwa mwanamume na matano kwa mwanamke kwa desturi ya madhehebu ya Shafii ambayo watu wetu wengi huyafuata. Haina darizi shingoni, wala haishonwi kama kanzu. Mwenye kuhiji naye huvaa mashuka mawili yasiyoshonwa, akawa sawa na sultani na mchuuzi waliosimama karibu naye. Hapa weupe huacha kutoa habari. Mambo yote ambayo kanzu iliyasema juu ya mtu, sanda huyanyamazia, na nadhani ndiyo sababu aliyevaa sanda katika ngano ni wa kutisha kuliko mwenye kwato: kwato zikionekana angalau zimesema kitu. Katika masimulizi ya makaburini mtu mweupe hana uso, hana sauti, hana jina la baba. Msikilizaji amezoea kuisoma nguo, na nguo imekataa kusomwa.

Neno moja kwa wanaokusanya masimulizi siku hizi. Shela jeupe na gauni jeupe la arusi si vya ngano za zamani za pwani. Vilienea baada ya arusi ya Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840, na kwetu vilipita kanisani na katika picha kabla ya kuingia katika masimulizi. Bibi arusi wa pwani alipambwa kwa rangi. Kisutu, kanga ya arusi hata leo, ina nyekundu na nyeusi pamoja na nyeupe. Ukikuta katika ngano ya leo bibi arusi aliyemetameta kwa weupe tangu utosini hata unyayoni, usimpeleke nyuma kwenye karne ya 18.

Lililo la lazima zaidi ni kuuliza jina la nguo. Mkusanyaji anayeandika "nguo nyeupe" na kwenda zake amepoteza nusu ya kisa. Amwulize mtambaji: ni merikani, ni bafta, ni sanda? Imefika wapi mguuni? Nani aliifua? Kwa mtoto wa leo, ambaye kanzu yake imefumwa kwa nyuzi za viwandani na yakauka kabla ya adhuhuri, maswali haya hayajiulizi yenyewe, na visa vingine vimeanza kupoteza maana mbele ya macho yetu.

Mfano ni kisa cha punda wa dobi, kilicho pia katika mkusanyo wa Steere, ambacho kima amsimulia papa kwa kuokoa nafsi yake. Wengi hukumbuka moyo na masikio: punda alidanganywa na sungura akaenda kwa simba, akapigwa, akaponea chupuchupu, kisha akarudi tena akauawa, na sungura akamwambia simba kwamba mnyama huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi. Wachache huuliza kwa nini punda huyo ni wa dobi. Dobi ni mtu aliyetembea na weupe wa mji mzima mgongoni mwa mnyama wake, kanzu za watu ambao hawakumwalika barazani. Punda wake alikimbilia mwituni, akanenepa. Kisa chataja unene huo waziwazi. Katika matoleo ya shule neno dobi laachwa bila maelezo, na mwanafunzi hudhani kwamba punda angeweza kuwa wa mtu yeyote.